Beseni la Ziwa Nyasa na Maji Yake: Mambo Yanayozihusu Sharika za Mwambao na za Milimani



Katika matoleo mengi tumekuwa tukiwapa taarifa za miradi: visima vilivyokamilika, miche iliyooteshwa, vyoo vya shule na kadhalika. Safari hii tumeona vema tuandike juu ya ziwa lenyewe, kwa sababu katika vikao vyetu maswali matatu yamekuwa yakijirudia. La kwanza huletwa na sharika za mwambao: kwa nini tutumie gharama kubwa kuchimba visima na kuleta maji ya mserereko kutoka milimani wakati maji yasiyokwisha yapo mlangoni? La pili huletwa na sharika za milimani, upande wa Mbinga: kwa nini mradi unaoitwa wa ziwa unatudai sisi kazi ya kuchimba ngoro na kupanda miti, ilhali ziwa lenyewe hatulioni? La tatu huletwa na wafadhili: je, ziwa kubwa namna hii laweza kweli kuharibika kwa shughuli za vijiji vidogo?

Maswali haya yote ni ya haki. Majibu yake hayapatikani kwenye bajeti, bali katika namna beseni la ziwa lilivyotengenezwa na tabia ya maji yaliyomo. Tutaeleza kwa lugha nyepesi kadiri tuwezavyo, na tutalinganisha ziwa na bahari, kwa kuwa watu wengi wa mwambao huliita "bahari yetu", na kwa kweli wana sababu ya kuliita hivyo.

Ukubwa wa beseni

Ziwa Nyasa, ambalo ndugu zetu wa ng'ambo huliita Ziwa Malawi, lina urefu wa zaidi ya kilometa 550, na mahali penye upana mkubwa zaidi hufikia kilometa 75 hivi. Eneo lake ni karibu kilometa za mraba 29,600. Kwa eneo ni la tatu barani Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kwa kina ni la pili baada ya Tanganyika, kwani sehemu yake ya ndani kabisa inafika mita 700 hivi.

Uso wa maji uko kwenye mwinuko wa kama mita 474 juu ya usawa wa bahari. Mtu akitoa hesabu ya kawaida ataona jambo la kushangaza: sakafu ya ziwa katika sehemu ya kina kirefu iko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa Bahari ya Hindi. Kwa upande mwingine, vilele vya milima ya Umatengo vinakaribia mita 2,000. Hivyo kutoka shamba la kahawa la juu kabisa hadi sakafu ya ziwa kuna tofauti ya zaidi ya kilometa mbili kwenda chini.

Hata hapo hatujafika mwisho. Chini ya sakafu hiyo kuna matope na mchanga ulioletwa na mito kwa mamilioni ya miaka. Wataalamu waliopima kwa mawimbi ya sauti katika miaka ya 1980 walikuta kwamba mashapo hayo, mahali pengine, yana unene wa kilometa nne hivi. Ziwa tunaloliona, basi, ni maji ya juu tu ya shimo kubwa ambalo sehemu yake kubwa imekwisha kujazwa udongo.

Beseni lilipatikanaje?

Gamba la dunia, yaani tabaka gumu la nje tunaloishi juu yake, limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole sana. Afrika ya Mashariki iko mahali ambapo bamba linavutwa pande mbili. Upande wa magharibi umebaki na bara kuu, na upande wa mashariki unasogea kuelekea Bahari ya Hindi. Kwenye eneo la ziwa letu mwachano huo ni milimita chache tu kwa mwaka. Kucha za mkono hukua milimita kama tatu kwa mwezi, kwa hiyo kucha zinaiacha nchi nyuma kwa mbali. Lakini milimita chache kwa mwaka, katika miaka milioni moja, zinakuwa kilometa kadhaa.

Gamba linapovutwa hivyo hukonda, hupasuka, na vipande vyake hudidimia. Ndivyo lilivyotokea Bonde la Ufa, na tawi lake la magharibi ndilo lililobeba maziwa marefu ya Tanganyika na Nyasa. Beseni la Nyasa lilianza kufunguka yapata miaka milioni nane iliyopita, wakati ambapo milima ya volkeno ya upande wa Rungwe nayo ilikuwa ikianza kazi yake kule kaskazini.

Kudidimia huko hakukuwa sawa pande zote. Fikirini ubao wa meza uliovunjika miguu ya upande mmoja: upande huo unazama, na upande wa pili unabaki umeinama. Beseni la Nyasa ni mfululizo wa meza za namna hiyo, na upande uliovunjika unabadilishana. Kule kaskazini ufa mkuu uko upande wetu wa mashariki. Ndiyo maana Milima ya Livingstone katika Wilaya ya Ludewa inaanguka moja kwa moja majini kama ukuta, na vijiji vyake vimebanwa kati ya mlima na maji. Kuanzia maeneo ya Mto Ruhuhu kuelekea kusini, ufa mkuu unahamia ng'ambo, kwenye pwani ya Malawi ya kaskazini karibu na Usisya, na huko ndiko kwenye kina kirefu kuliko chote. Sisi wa Lituhi, Liuli na Mbamba Bay tumebaki kwenye upande ulioinama. Kwa hiyo tuna ghuba, fukwe za mchanga na mabonde ya kulima, na katikati yake majabali ya mwamba wa kale, kama Jiwe la Pomonda la Liuli ambalo Wajerumani walilifananisha na sanamu ya Misri wakapaita mahali hapo Sphinxhafen.

Mwachano huu bado unaendelea. Mnamo Desemba 2009 matetemeko yalifuatana katika eneo la Karonga, upande wa Malawi, yakabomoa nyumba nyingi za matofali. Hilo ni jambo la kukumbukwa na kila kamati inayojenga kanisa au darasa.

Ufa uliokufa na ufa ulio hai

Watu wa Mbinga wana ushahidi mwingine chini ya miguu yao. Makaa ya mawe ya Ngaka, yanayochimbwa karibu na kijiji cha Ntunduwaro, yamo katika bonde la kale zaidi, bonde la Ruhuhu. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla ya ziwa hili kuwapo, nchi yetu ilipasuka pia ikafanya mabonde yenye mito na madimbwi makubwa. Mimea iliyokufa ikazikwa kwenye matope, ikagandamizwa, ikawa makaa. Katika matabaka ya baadaye kidogo ya bonde hilohilo ilipatikana mifupa ya mnyama aliyepewa jina la Nyasasaurus mwaka 2013. Mifupa hiyo ilikusanywa miaka ya 1930, ina umri wa kama miaka milioni 243, na baadhi ya wataalamu wanadhani mnyama huyo ni miongoni mwa dinosaria wa mwanzo kabisa.

Ufa ule wa kale haukuendelea. Ulisimama, ukajaa mchanga, ukawa nchi kavu. Ufa wa sasa ni kijana na bado unafanya kazi. Ufa unaoendelea hupitia hatua: kwanza bonde lenye maziwa marefu kama letu, kisha, gamba likikatika kabisa, bahari nyembamba kama Bahari ya Shamu, na mwisho bahari pana. Bahari ya Hindi yenyewe ilianza kama ufa, wakati Madagaska ilipoachana na pwani ya Afrika yapata miaka milioni 160 iliyopita. Ziwa Nyasa si lazima lifike huko. Lakini mtu anayesimama ufukweni Mbamba Bay anatazama hatua ya kwanza ya kazi ambayo mahali pengine ilimalizika kwa kuzaa bahari.

Maji ya milima yetu yanakwenda wapi?

Mito inayoteremka magharibi mwa milima ya Umatengo inaingia ziwani, mingine moja kwa moja na mingine kupitia Ruhuhu, ambao ni miongoni mwa mito mikubwa inayolilisha ziwa. Maji ya ziwa hutokea kusini kwa Mto Shire, ambao unaungana na Zambezi na kufika Bahari ya Hindi nchini Msumbiji. Upande mwingine wa milima hiyohiyo maji huelekea Mto Ruvuma, ambao unakwenda mashariki kwa zaidi ya kilometa 700 na kufika bahari hiyohiyo kusini ya Mtwara. Kwa hiyo mvua inayonyesha juu ya mgongo mmoja wa mlima inaweza kugawanyika na kufika Bahari ya Hindi kwa milango miwili iliyo mbali mbali sana.

Mito hiyo haibebi maji tu. Mchanga uliobebwa na Ruvuma na mito ya kale iliyoutangulia umerundikana kwa mamilioni ya miaka kwenye ukingo wa bahari, na katika mchanga huo ndimo ilimopatikana gesi ya Mnazi Bay mwaka 1982. Udongo unaotoka milimani haupotei. Daima unakwenda kulala mahali fulani.

Bahari ina chumvi, ziwa halina: kwa nini?

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, nyingi zikiwa chumvi ileile ya mezani. Ndoo ya lita 20 ya maji ya bahari, ikikaushwa, itaacha karibu gramu 700. Ndoo hiyohiyo ya maji ya Ziwa Nyasa itaacha gramu kama nne, chini ya kijiko cha chai. Kwa sababu ya chumvi hiyo lita ya maji ya bahari ina uzito wa karibu kilo 1.025, na chombo kilekile kikiwa na mzigo uleule huzama kidogo zaidi ziwani kuliko baharini.

Chumvi hutoka wapi? Sehemu kubwa hutoka kwenye miamba. Mvua inapopita kwenye udongo na mawe huyeyusha madini kidogo kidogo, na mito huyapeleka chini. Bahari haina mlango wa kutokea. Maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui chumvi. Chumvi inabaki.

Ziwa letu nalo hupoteza maji yake mengi kwa mvuke: takriban sehemu nne kati ya tano za maji yanayoondoka hupanda hewani, na sehemu moja tu hupita Mto Shire. Lakini sehemu hiyo moja ndiyo inayotuokoa, kwa sababu hubeba chumvi kwenda nayo. Ziwa Rukwa, ambalo halina mto wa kutokea, maji yake ni ya magadi. Na Ziwa Natron limekuwa magadi matupu.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2005 wataalamu walitoboa sakafu ya Ziwa Nyasa kutoka juu ya tishari, wakatoa nguzo za matope zenye urefu wa karibu mita 380. Walichokikuta kilitikisa elimu ya tabia ya nchi ya Afrika. Kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita kulikuwa na vipindi vya ukame mkali kiasi kwamba ziwa lilishuka kwa mita 600 hivi. Maji yaliyobaki yalikuwa madogo, ya chumvi na ya magadi, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefungwa. Hata karibu na wakati wetu, kati ya 1915 na 1935, maji yalishuka hadi Mto Shire ukaacha kutoka ziwani kwa miaka 20 hivi. Utamu wa maji yetu, basi, unategemea mizani kati ya mvua, jua na mto mmoja.

Maji ya juu na maji ya chini

Hapa ndipo ziwa linapotofautiana na bahari kwa namna ambayo wavuvi wetu wanapaswa kuijua.

Mtu akimimina maji ya moto taratibu juu ya maji baridi ndani ya ndoo, asipokoroga, maji ya moto hubaki juu. Ziwa Nyasa liko hivyo. Maji ya juu yana joto la nyuzi 24 hadi 29 kulingana na msimu, na yale ya chini yana nyuzi kama 23. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kuyafanya ya chini kuwa mazito na kuyazuia yasipande. Hakuna upepo wenye nguvu ya kukoroga ziwa lote hadi mita 700.

Hewa ya oksijeni huingia majini kupitia uso. Kwa kuwa maji ya chini hayapandi juu kuvuta hewa, oksijeni yake imekwisha kutumika katika kuoza kwa mimea na wanyama wanaozama. Chini ya mita 200 hadi 250 hakuna oksijeni, na hakuna samaki awezaye kuishi. Samaki wote wa ziwa hili, ambao aina zake ni mamia mengi na nyingi hazipatikani popote pengine duniani, wanaishi katika tabaka la juu tu.

Bahari ni kinyume. Maji ya Bahari ya Hindi kwenye kina cha mita 2,000 na zaidi ni baridi, chini ya nyuzi 4, lakini yana oksijeni. Sababu ni kwamba yalitoka karibu na ncha ya kusini ya dunia. Huko maji yaliyopozwa sana na yenye chumvi huwa mazito, huzama yakiwa na hewa yake, na hutambaa chini ya bahari hadi kwetu. Ziwa letu halina ncha ya baridi ya kuliletea hewa hiyo.

Hata hivyo ziwa lina wakati wake wa kupumua. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusi, ambao wavuvi wengi wa ziwa huuita mwera, huvuma kwa nguvu na kupoza uso wa maji. Tofauti ya joto hupungua, na baadhi ya maji ya katikati huchanganyika na ya juu. Maji hayo hupandisha rutuba iliyokuwa imezama. Rutuba hiyo huotesha mimea midogo isiyoonekana kwa macho, mimea hulisha wadudu wadogo wa majini, na wadudu hulisha usipa. Mwera unaowatia hofu wenye mitumbwi ndio huohuo unaotayarisha dagaa watakaovuliwa kwa karabai. Wale wadudu wanaopanda juu ya ziwa kama wingu la moshi, wanaoitwa kungu, nao wana siri yao: wakiwa bado funza majini, mchana hujificha kwenye maji ya chini yenye hewa kidogo, ambako samaki hawawezi kuwafuata.

Jambo la kutia wasiwasi ni kwamba maji ya kina kirefu yalipata joto kwa karibu nyuzi 0.7 kati ya 1939 na 1999. Tabianchi inavyozidi kuwa ya joto, ndivyo tabaka la juu linavyokuwa gumu kuchanganyika na la chini, na rutuba nyingi zaidi hubaki imefungiwa chini.

Ziwa kubwa, lakini halijisafishi upesi

Sasa tunaweza kulijibu swali la wafadhili. Kama tungetegemea Mto Shire peke yake kuyaondoa maji yaliyomo ziwani leo, ingechukua zaidi ya miaka 600. Maji yaliyokuwamo kabla Wareno hawajafika pwani yetu mwaka 1498 yangekuwa bado yanatoka hadi sasa. Mto huja na taka zake na kuzipeleka baharini katika siku chache. Ziwa huzipokea na kukaa nazo. Kinachoingia Ziwa Nyasa, kwa kipimo cha maisha ya mwanadamu, hakitoki.

Lakini madhara hayaanzi katikati ya ziwa penye maji mengi. Huanza ufukweni, kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki huzaliana, watoto huoga na akina mama huteka. Huko eneo ni dogo, na kijiji kimoja kinatosha kupachafua.

Kuna mifano mitatu. Kwanza, matope: mito inapofurika ikiwa myekundu, udongo hufunika mawe ambako mbuna hula na kuzalia, na huharibu changarawe za mito ambako mbasa hupanda kutaga mayai. Mbasa ametajwa miongoni mwa samaki walio hatarini. Pili, kichocho: huko Cape Maclear, kusini mwa ziwa upande wa Malawi, watafiti walieleza kwamba ugonjwa uliongezeka tangu miaka ya 1980 baada ya samaki wanaokula konokono kuvuliwa kupita kiasi karibu na ufukwe. Konokono waliongezeka, na vijidudu vya kichocho pamoja nao. Tatu, kinyesi: maji yanaweza kuwa maangavu hadi mtu akaona mchanga chini, na bado yakabeba kipindupindu. Uangavu si usafi.

Kwa nini ngoro ni mradi wa ziwa

Wamatengo walikuwa na jibu kabla miradi haijafika. Shamba la ngoro, lenye mashimo ya upana wa kama mita moja hadi moja na nusu yaliyozungukwa na matuta yenye majani yaliyofukiwa, hukamata mvua palepale inapoanguka. Maji huzama ardhini badala ya kukimbia na udongo. Majani huoza na kuwa mbolea, na maharage na mahindi hupokezana kwenye matuta. Maji yaliyozama hutokea baadaye kwenye chemchemi, na chemchemi ndizo tunazozitegea mabomba ya mserereko yanayokwenda mwambao.

Kwa hiyo usharika wa milimani unaotunza ngoro na kulinda chanzo unafanya kazi mbili kwa mara moja: unahifadhi shamba lake, na unawapa ndugu wa mwambao maji ya bomba wakati wa kiangazi pamoja na mawe safi ya mazalia ya samaki wakati wa masika. Mahali ambapo ngoro zimeachwa na miteremko inalimwa wazi, hasara hizo mbili huja pamoja. Tangu mwaka 2012 Mbinga na Nyasa ni wilaya mbili, lakini maji hayakupewa taarifa ya mgawanyo huo.

Mambo ya kuzingatia katika mipango ya kamati

Kutokana na maelezo haya tunaziomba kamati zizingatie yafuatayo:

(a) Mahali pa kujenga. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa kama mita moja kila mwaka, na kati ya kiwango cha chini cha 1915 na cha juu cha mwaka 1980 tofauti ilizidi mita sita. Kwenye ufukwe tambarare unaopanda mita moja kwa kila mita 50, maji yakipanda mita sita huingia mita 300 ndani. Kabla ya kuchimba msingi, waulizeni wazee maji yalifika wapi miaka ya 1979 na 1980.

(b) Mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa na kingo za mito. Sharika ziwe mfano katika viwanja vyao wenyewe.

(c) Aina ya chanzo cha maji. Kwenye mwamba wa kale maji ya ardhini hupatikana katika nyufa tu, kwa hiyo upimaji wa kitaalamu ufanyike kabla ya kuchimba kisima kirefu. Kwenye mchanga wa ufukweni kisima kifupi hupata maji kwa urahisi, lakini huchafuka kwa urahisi vilevile. Vyoo viwe mbali na kisima kwa angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Penye chemchemi ya mlimani, mserereko ndio wenye gharama ndogo za uendeshaji.

(d) Maji ya ziwa kwa kunywa. Pale ambapo hakuna chanzo kingine, yachemshwe au yatiwe klorini kila siku, hata yakiwa maangavu. Watoto wasiachwe kuoga penye majani na konokono, na sehemu ya kuteka itengwe na sehemu ya kufulia.

(e) Majengo. Kila jengo la usharika liwe na mkanda wa zege unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha, kwa kuwa tuko juu ya ufa ulio hai.

(f) Ushirikiano. Mipango ya vyanzo vya upande wa ziwa ipitie Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, na ile ya upande wa Mto Ruvuma ipitie bodi ya bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Miradi ya vijijini ishirikishe RUWASA na vyombo vya watumia maji tangu mwanzo, ili isibaki bila mwenyewe baada ya ufadhili kwisha.

Hitimisho

Tunaamini sasa maswali matatu yamejibika. Kwa sharika za mwambao: maji yaliyo mlangoni ni mengi, lakini sehemu iliyo karibu nanyi ndiyo rahisi kuchafuka, na hakuna mkondo wa kuja kuisafisha. Kwa sharika za milimani: ziwa hamlioni, lakini udongo wenu unafika huko kila masika. Kwa wafadhili wetu: ndiyo, ziwa hili laweza kuharibika, na likiharibika halitarudi katika hali yake kwa muda wa mradi wowote tunaoweza kuuandika. Ndiyo sababu katika mapendekezo yetu mtaendelea kuona ngoro, miche, vyoo na mabomba vikiwa katika bajeti moja.

Tunaziomba kamati zisome makala hii pamoja katika kikao kijacho, na kila mtaa ututajie kwa maandishi chanzo kimoja cha maji, au mteremko mmoja, ambao uko tayari kuuhudumia kabla ya masika. Orodha hiyo ndiyo itakayotuongoza katika kugawa miche na mabomba.

 Mungu aliyeweka bahari na maziwa mahali pake atujalie kuvitunza.